Kavumu: Kabla ya kushusha bwati ya vitesi, chungulia kikopo cha mafuta

Gari limesimama kando ya barabara. Mota inanguruma, lakini vitesi inakataa kuingia. Shofere anakanyaga pedali mara mbili, mara tatu, nayo inashuka hadi chini bila nguvu, kama mguu unaozama kwenye tope. Kwenye barabara ya Bukavu–Kavumu–Katana, hukumu hutoka haraka: ambreyaji imekufa, bwati ishushwe. Lakini kabla fundi hajashika kle, kuna kikopo kidogo chini ya kapo ambacho kinafaa kuchunguliwa kwanza. Anayesahau kukichungulia anaweza kulipa kazi ya siku nzima kwa ajili ya kosa la kipira chenye ukubwa wa sarafu. Na anayekijaza mafuta yasiyo yake anaweza kupoteza hata freni.

Njia ya milima na mizigo

Kavumu iko katika grupema ya Bugorhe, wilaya ya Kabare, karibu kilomita 30 kaskazini ya mji wa Bukavu, kwenye barabara ya taifa namba 2 inayoendelea Katana, Kalehe na Minova kuelekea Goma. Kabla ya kufika Kavumu, pale Miti, barabara nyingine inakata kushoto kwenda Tshivanga, katika mbuga ya Kahuzi-Biega, na kutoka huko inaelekea Bunyakiri na Walikale. Kwa hiyo magari ya kila aina hupita hapa: taxi-bus zilizojaa abiria, Hilux na Land Cruiser, malori ya Fuso yenye mbao, makala, ndizi na mihogo.

Nchi hii inachosha ambreyaji. Uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1 460 juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa ndege wa Kavumu uko kwenye zaidi ya mita 1 700. Kati ya ziwa na uwanja huo barabara hupanda, hushuka na kupanda tena. Ndani ya Bukavu kwenyewe, mji uliojengwa juu ya vilima, gari linalotafuta abiria upande wa Kadutu husimama na kuondoka mara nyingi kwa saa moja, tena kwenye miteremko. Kila kuondoka ni msuguano, na kila msuguano unakula kidogo unene wa diski.

Hali ya uchumi nayo inaongeza mzigo. Uwanja wa ndege wa Kavumu uliangukia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 tarehe 14 mwezi wa pili 2025, na Bukavu ikafuata mara moja. Ndege za abiria zilisimama, na benki za mji zikafunga milango. Teksi zilizoishi kwa safari za uwanja zilipoteza wateja wao. Katika hali kama hiyo, kutengeneza gari ni jambo linalogusa chakula cha nyumbani. Shofere ana versema, yaani kile kiasi ambacho mwenye gari anangoja jioni. Siku moja gari likiwa juu ya kriki ni siku bila mapato kwa wote wawili. Hapo ndipo hamu ya dawa ya haraka inapozaliwa.

Vitu viwili ndani ya jina moja

Neno ambreyaji linaficha vitu viwili tofauti. Kitu cha kwanza kiko kati ya mota na bwati ya vitesi, nacho ni kikavu. Kina diski yenye kitambaa kigumu cha msuguano, plato inayoikandamiza diski hiyo juu ya volanti ya mota, na buteyi, ile rulema inayosukuma vidole vya plato ili diski iachiliwe. Shofere akiwa hajakanyaga, vyote vinazunguka pamoja na nguvu ya mota inafika kwenye magurudumu. Akikanyaga, diski inaachiliwa, na vitesi inaweza kubadilishwa bila meno kugongana.

Kitu cha pili ni njia ya mafuta kutoka mguuni hadi kwenye buteyi. Magari ya zamani na mengine madogo hutumia waya wa chuma. Lakini malori, taxi-bus na jipu nyingi hutumia mafuta ya freni. Pedali inasukuma pistoni ya pompa ya juu. Mafuta yanapita kwenye bomba. Yanafika kwenye pompa ya chini, iliyofungwa ubavuni mwa bwati. Pistoni ya pompa hiyo inasukuma mkono wa chuma unaogusa buteyi. Ni kanuni ile ile aliyoieleza mwanasayansi Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: shinikizo likiwekwa kwenye kimiminiko kilichofungwa, linasambaa kote bila kupungua.

Kanuni hiyo ina sharti moja. Mafuta hayabanwi, hewa inabanwa. Tone la hewa likiingia kwenye bomba, mguu wa shofere utaibana hewa badala ya kuisukuma pistoni. Pedali inakuwa laini kama sponji, diski haiachiliwi vizuri, na vitesi inalia. Diski yenyewe inaweza kuwa bado nzima kabisa.

Dalili zinavyosema

Kwa hiyo swali la kwanza ni kujua mgonjwa ni nani: sehemu kavu au njia ya mafuta. Dalili zao hazifanani.

Diski iliyokwisha huteleza. Gari likipanda mlima na mzigo, mota inapiga kelele zaidi lakini mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua inaingia ndani. Vitesi inaingia bila shida. Ni nguvu ndiyo haifiki chini. Ugonjwa wa njia ya mafuta ni kinyume chake. Gari likiwa kwenye mwendo linavuta vizuri, lakini kuingiza vitesi ya kwanza au ya nyuma ni vita, na gari linataka kusogea hata pedali ikiwa imekanyagwa hadi chini.

Kuna jaribio lisilohitaji kle hata moja. Pedali ikanyagwe mara tano au sita haraka, kiisha vitesi ijaribiwe. Ikiwa sasa inaingia, lawama inaelekea kwenye hewa au kaushu za pompa, vile vipira vidogo vinavyozuia mafuta yasipite kando ya pistoni. Baada ya hapo macho yanafanya kazi. Je, mafuta katika kikopo yamepungua? Je, kuna unyevu chini ya pedali, pale mkono wa pompa ya juu unapopita ukutani? Je, ukivuta taratibu kile kifuniko cha mpira cha pompa ya chini, kuna mafuta yanayotiririka? Jibu la ndiyo kwa moja ya maswali hayo linatosha kuacha bwati mahali pake kwanza.

Kwa diski kuna jaribio jingine, la kufanya mahali tambarare, magurudumu yakiwa na vizuizi, freni ya mkono imevutwa, na mtu yeyote asiwe mbele wala nyuma ya gari. Mota ikiwa inazunguka, vitesi ya tatu inaingizwa na pedali inaachiliwa taratibu huku gesi ikitiwa kidogo. Ambreyaji nzima itaizima mota. Mota ikiendelea kuzunguka kama hakuna kilichotokea, diski inateleza. Jaribio hili lifanywe mara moja tu, kwa sababu lenyewe linaunguza.

Sikio nalo ni chombo. Kelele inayotokea pedali inapokanyagwa huelekeza kwenye buteyi. Kelele inayopotea pedali inapokanyagwa huelekeza ndani ya bwati, kwenye rulema ya mti unaoingia kwenye diski. Gari linalotetemeka wakati wa kuondoka linaweza kuwa na diski iliyomwagikiwa mafuta, volanti iliyounguzwa kwa joto, au vishikizo vya mota vilivyokatika.

Mfano mmoja, bili mbili

Chukua mfano wa taxi-bus inayotoka Katana asubuhi ikiwa na abiria na magunia juu. Inafika sokoni Kavumu ikiwa imeshindwa kuingiza vitesi ya kwanza. Fundi akiishusha bwati bila kuuliza, ataweka diski, plato na buteyi mpya. Jioni gari litafungwa tena. Kwa sababu pompa ya chini ilifunguliwa na kurudishwa, na mafuta yakaongezwa, pedali inaweza kuonekana nzuri kwa siku chache. Kiisha ugonjwa unarudi, kwa kuwa kaushu iliyochakaa haikuguswa. Mwenye gari atalipa mara ya pili na kusema amedanganywa. Fundi atasema vipande vya siku hizi ni vibaya. Huenda hakuna aliyesema uongo. Hakuna aliyechungulia kikopo, basi.

Njia ya pili ya mfano huo ni fupi. Fundi anaona mafuta meusi, anaona unyevu kwenye pompa ya chini, anaifungua. Akikuta ukuta wa ndani wa pompa uko laini, anabadilisha kaushu. Akikuta mikwaruzo au vishimo vya kutu, kaushu mpya haitadumu, kwa sababu chuma kitaikata. Hapo pompa nzima ndiyo inabadilishwa. Kazi hiyo inaweza kumalizika kabla ya jua la mchana, na bwati haijaguswa.

Kosa la kikopo

Hatari kubwa haiko kwenye bili. Iko kwenye chupa.

Mafuta ya ambreyaji ni mafuta ya freni. Kwenye magari mengi kifuniko cha kikopo kimeandikwa DOT 3 au DOT 4. Magari mengine yana kikopo cha peke yake kwa ajili ya ambreyaji; mengine hutumia kikopo kimoja kwa ambreyaji na freni. Katika aina hii ya pili, kinachomiminwa kwa ajili ya pedali ya kushoto kinafika pia kwenye pedali ya kati.

Mafuta yakipungua na duka likiwa mbali, mkono hutafuta kilicho karibu: mafuta ya mota, mafuta ya dayareksheni, au maji yenye sabuni. Pedali inarudi juu, na safari inaendelea. Lakini kaushu za freni zimetengenezwa kwa ajili ya kimiminiko cha aina moja. Mafuta ya mota na ndugu zake wa petroli huzifanya zivimbe na kulainika. Kaushu iliyovimba inakwama ndani ya pompa: freni zinaweza kubaki zimeshika na kupata moto, au zikaacha kujibu kabisa. Maji nayo huleta kutu, na hayawezi kuvumilia joto la freni.

Joto hilo lina hesabu yake. DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205, na DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Lakini mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Yakiisha kushika maji kiasi cha asilimia 3,7, kipimo kinachokubaliwa kinashuka: nyuzi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Maji matupu, kwenye kimo cha Kavumu, yanachemka kabla hata ya kufika nyuzi 100. Mafuta yakichemka kwenye freni, mvuke unazaliwa, na mvuke unabanwa kama hewa. Shofere anayeshuka na mzigo huigundua hesabu hiyo wakati mguu wake unapofika chini bila kukuta kitu.

Ndiyo maana chupa iliyoachwa wazi miezi kadhaa kwenye rafu ya garaji si ya kuaminiwa, na mafuta yaliyotolewa kwenye gari hayarudishwi tena hata yakionekana safi. Gari ambalo tayari limewekwa mafuta ya mota kwenye kikopo haliponi kwa kuyanyonya juu na kumimina mengine. Njia yote inahitaji kuoshwa na kaushu zote zilizoguswa kubadilishwa, za ambreyaji na za freni. Ni gharama nzito, lakini mpaka ifanyike gari hilo halifai kubeba watu.

Bwati ikilazimika kushuka

Kuna siku ambapo hukumu ya kwanza ni sahihi: diski imekwisha. Hapo kazi ni nzito na ina mpangilio wake.

Gari linawekwa mahali tambarare, waya wa betri unatolewa, magurudumu yanazuiwa. Kriki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Gari linakalishwa juu ya vishikizo vya chuma au magogo mapana yaliyo imara, kamwe si juu ya mawe yanayoteleza wala matofali yanayopasuka. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya nyuma, kardani inatolewa, kiisha demareri na pompa ya chini. Pompa hiyo inaweza kufunguliwa na kufungwa kando kwa kamba bila kutoa bomba lake. Ila tangu hapo mtu yeyote asiguse pedali: pistoni itaruka nje na mafuta yote kumwagika.

Bwati ina uzito wa kuvunja mguu. Inashikiliwa na kriki ya pili wakati wa kuvutwa, na haiachwi ining'inie juu ya mti wake ukiwa ndani ya diski, maana diski itapinda. Bulo za plato zinalegezwa kidogo kidogo kwa kupishana, upande huu na upande wa pili.

Vumbi jeusi linalobaki ndani si la kupuliza kwa mdomo wala kwa kompresa. Vitambaa vya diski za zamani vinaweza kuwa na amianto, na amianto husababisha kansa. Kitambaa chenye maji kinatosha kulifuta.

Sasa volanti inaonekana, na huu ndio wakati wa kuitazama. Ikiwa na nyufa au madoa ya buluu ya joto, diski mpya haitaishi juu yake. Pande zote mbili zikaguliwe: mafuta yanayovuja kutoka nyuma ya mota, au kutoka mbele ya bwati, yataifikia diski mpya kama yalivyoifikia ya kale. Kipira cha kuzuia uvujaji huo kina bei ndogo leo. Mwezi ujao bei yake ni kushusha bwati tena. Kwa sababu hiyo hiyo, diski, plato na buteyi hubadilishwa pamoja. Na kwa magari mapya zaidi ambayo pompa ya chini imefichwa ndani, ikizunguka mti wa bwati, nayo hubadilishwa siku hiyo hiyo.

Katika kufunga, mambo matatu madogo yanaamua. Diski ina upande wake: kwenye magari mengi sehemu yenye springi inatazama bwati. Lazima iwe katikati kabisa, kwa kutumia mti wa bwati ya kale au kifaa cha kazi hiyo, la sivyo bwati itakataa kuingia. Na mikono iwe safi, kwa kuwa alama ya grisi kwenye diski mpya inatosha kuifanya itetemeke. Grisi kidogo sana huwekwa kwenye meno ya mti peke yake. Bulo zinakazwa kwa kupishana, kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji.

Kutoa hewa bila haraka

Kazi ya mwisho, ile mafundi wanaita pirje, ndiyo inayofanywa jioni watu wakiwa wamechoka. Inahitaji watu wawili, bomba dogo linaloonyesha ndani, na chupa. Kikopo kinajazwa mafuta mapya. Bomba linachomekwa kwenye chuchu ya pompa ya chini, na ncha yake nyingine inazamishwa katika mafuta safi ndani ya chupa. Msaidizi anakanyaga pedali na kuishikilia chini, fundi anafungua chuchu, mafuta na mapovu yanatoka, anafunga, ndipo pedali inaachiliwa. Wakikosea mfuatano huo, hewa inanyonywa tena.

Hivyo hivyo hadi povu la mwisho. Kikopo hakiachwi kikauke katikati ya kazi, kwani hewa itaingia kutoka juu na kila kitu kitaanza upya. Chuchu ikiwa imeelekezwa chini kwa sababu pompa imefungwa vibaya, hewa itabaki juu hata wakikanyaga mpaka usiku. Mafuta yaliyomwagika yafutwe mara moja kwa maji: yanakula rangi ya gari na kuchoma macho. Yale ya zamani yasimwagwe kwenye mfereji. Mifereji ya Kavumu inaelekea ziwani.

Mguu wa shofere

Baada ya hapo, maisha ya diski mpya yako mguuni. Shofere anayelizuia gari kwenye mlima kwa nusu ya ambreyaji badala ya freni ya mkono anaiunguza akiwa amesimama. Anayepumzisha mguu juu ya pedali safari nzima anaichosha buteyi na kuifanya diski iteleze kidogo kila dakika. Mzigo uliozidi, ukiondolewa kwa vitesi ya pili ndani ya tope, unaweza kumaliza kwa siku moja kilichopaswa kudumu miaka.

Kwa mwenye gari, maswali manne yanatosha kabla ya kukubali bili. Kikopo kilikuwa na kiasi gani cha mafuta, na ya rangi gani? Pompa mbili zimekaguliwa? Gari linateleza, au linakataa kuingiza vitesi? Na vipande vya kale viko wapi? Fundi mzuri hukasirishwa kidogo na maswali hayo, kiisha anayajibu, na anaweka diski iliyokwisha juu ya meza ili kila mtu aione.

Abiria aliyeketi nyuma kati ya magunia hawezi kuuliza lolote kati ya hayo. Anachojua ni kwamba gari linashuka kuelekea Bukavu, na kwamba kile kilichomiminwa asubuhi chini ya kapo, kwa haraka au kwa uangalifu, ndicho kitakachomjibu shofere mguu utakapokanyaga freni.